Mvule wa Ngezi na jiwe lililovunja msumeno

Jumamosi niliingia msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya Pemba, pamoja na ami yangu, fundi seremala tangu mimi sijazaliwa, ambaye alitaka niuone mvule ukiwa umesimama, maana nilikuwa nimeuzoea ukiwa mlango. Aliokota kitawi kilichoanguka punde, akakivunja, na papo hapo ukatoka utomvu mweupe mithili ya tui. Ndipo nilipokumbuka kuwa mti huu ni wa ukoo mmoja na mfenesi na mshelisheli.

Mvule una mti dume na mti jike. Dume hutoa maua yanayoning'inia kama mikia myembamba, na jike huzaa matunda ya kijani, manene kama kidole, ambayo popo huyala usiku na kwenda kuziangusha mbegu mbali na mama yao. Mche wake hautaki kivuli kizito. Husubiri mwanya wa jua pale mti mkubwa unapoanguka.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni jiwe. Ami alinisimulia jinsi msumeno wake ulivyong'oka meno ndani ya gogo la mvule, akadhani fundi mwenziwe amemfanyia dhihaka. Kumbe mti wenyewe huhifadhi chokaa, ambayo hujikusanya katika nyufa na vidonda vya shina hadi ikawa ngumu, nyeupe, kama tumbawe. Kipande kile anacho mpaka leo, na hukitumia kuzuilia mlango wa karakana.