Triathloni ya kwanza ukiwa Tanga: ratiba ipange kwa maji, si kwa Jumatatu

Ratiba nyingi za triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo) zilizoko mtandaoni ziliandikwa kwa mtu mwenye bwawa karibu na kwake: Jumanne kuogelea, Alhamisi kuogelea, Jumamosi baiskeli. Ukiifuata hiyo hapa Tanga, Jumanne ya kwanza utayakuta maji kwenye ufukwe wa Raskazone yamejaa vizuri, na Jumanne ya pili, saa ileile, utayakuta yamekupwa. Hakuna kosa lolote: ndani ya wiki moja saa za kujaa na kupwa zinakuwa zimebadilishana.

Anza na mwezi, basi. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani ana jedwali tayari. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku moja mbili zinazofuata, ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na pwani yetu hii hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, yakapwa kwenye saa nne. Ikifika tarehe 8 au 23 hivi za mwezi huo, ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, mkondo umepoa, na maji hujaa kwenye saa nne asubuhi. Kila siku saa inasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo wiki ya maji mafu ogelea asubuhi. Wiki ya bamvua ogelea jioni na asubuhi ziachie baiskeli na mbio. Kwenye bamvua ingia maji yakiwa bado yanajaa, utoke kabla hayajaanza kukimbia, maana yakitoka yanavuta kwa nguvu kuelekea nje ya ghuba.

Kwa mara ya kwanza chagua umbali mfupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Wiki 12 zinatosha kwa anayeweza tayari kuogelea mita 50 bila kushika chini na kukimbia dakika 20 bila kusimama. Asiyejua kuogelea aanze na mwalimu, na mashindano ayasogeze mbele. Kuogelea hakujifunzwi kwa video.

Baharini hakuna ukuta wa kuhesabia mizunguko. Pima mita 50 mchangani kwa kamba, chomeka fito mbili, kisha ogelea sambamba na ufukwe, maji yakiwa kifuani, kutoka ufito hadi ufito. Wiki ya kwanza fanya mita 50 mara sita, ukipumzika sekunde 30 kila baada ya moja. Ongeza mbili kila wiki hadi ufike kumi na sita, kisha anza kuunganisha: mia mia, halafu mia mbili mbili, hadi mita 750 bila kusimama kwenye wiki ya kumi. Tazama saa kwenda na kurudi. Ukienda kwa dakika moja na kurudi kwa dakika moja na robo, huo ni mkondo, si uchovu. Siku hiyo anza daima kwa upande unaokupinga.

Wengi hukatika pumzi baada ya mita 30 wakadhani mapafu yao ni madogo. Kisa ni kubana pumzi uso ukiwa majini, halafu kutaka kutoa na kuvuta kwa mara moja ukigeuza kichwa. Toa mapovu mfululizo puani na mdomoni tangu uso unapozama. Ukigeuka, kazi iwe kuvuta tu. Kosa la pili ni kuinua kichwa kutazama mbele muda wote: kichwa kikipanda, miguu inazama, na hapo unaburuta mwili kama nanga. Chungulia mara moja kila mikono minane au kumi, macho tu yatoke majini, ukilenga kitu kikubwa cha nchi kavu kama mnazi au paa.

Usiogelee peke yako, na uonekane. Boya la dukani likikosekana, chukua dumu tupu la lita 5, kaza mfuniko, lifunge kitambaa cha rangi ya machungwa na kamba ya mita moja na nusu hadi mbili kwenye mkanda kiunoni. Kamba ikiwa fupi dumu litagonga visigino, ikiwa ndefu itajisokota miguuni. Mwenye ngalawa haoni kichwa cheusi kwenye mawimbi, ila dumu ataliona. Kwenye mawe vaa viatu vya raba, kuna wale wadudu wa miiba mirefu myeusi. Konyeza, wale wa baharini laini wanaowasha, wakiwa wengi, ahirisha.

Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo hapa wengi tuna nafuu. Huhitaji baiskeli ya mashindano, ila toa keria, kikapu na stendi. Siti ndiyo ya kushughulikia kwanza: weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke, ukikanyaga kwa sehemu pana ya unyayo, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo. Siti fupi huumiza goti kwa mbele. Siti ndefu huumiza nyuma ya goti, na nyonga zinayumba kushoto na kulia. Upepo wa tairi fuata namba zilizochapwa ubavuni mwa tairi, usiende kwa kubonyeza na kidole. Kanyaga kwa wepesi: hesabu mguu wa kulia kwa sekunde 15, upate 20 hadi 22. Ukipata 14, giya ni nzito na miguu itakuwa imekwisha kabla ya kukimbia.

Njia chagua kwa upepo. Kusi ukivuma, elekea Pangani kwanza, kurudi utasukumwa. Kaskazi ukivuma, elekea Amboni na barabara ya Horohoro. Barabara ya Segera ina malori mengi. Mimi singempeleka huko anayeanza. Chumvi ya bahari inakula mnyororo: ukirudi ufute kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la oili ya cherehani kwa kila pingili, zungusha, kisha futa tena. Oili chafu ya gari inashika mchanga, na mchanga unasaga meno ya giya.

Kukimbia mara tatu kwa wiki, dakika 20 hadi 45, kunatosha. Viatu vya mtumba ni sawa, ila vikague: bonyeza soli kwa dole gumba, ikiwa ngumu kama ubao acha, kunja kiatu, kikikunjika katikati badala ya kwenye vidole, soli imekufa.

Kuanzia wiki ya tano, mara moja kwa wiki shuka kwenye baiskeli na ukimbie papo hapo dakika 10. Miguu itakuwa kama gogo kwa dakika tatu nne za mwanzo. Fupisha hatua, itafunguka.

Joto la hapa linahitaji hesabu. Jipime uzito kabla na baada ya saa moja ya mazoezi: kila kilo iliyopungua, ukijumlisha ulichokunywa, ni lita moja ya jasho. Dafu lina potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, na jasho hutoa zaidi sodiamu, kwa hiyo tia chumvi kidogo. Wakati wa kupanda baiskeli kula ndizi moja au tende ndogo tano. Kujaribu chakula kipya siku ya mashindano ndiko kunakojaza watu vichakani.

Wiki ya mwisho punguza mazoezi nusu. Siku ya mashindano, pale unapobadilisha kutoka kuogelea kwenda baiskeli, panga vitu kwa mfuatano wa kuvaa: kofia ngumu juu ya usukani, mikanda imefunguliwa, na uifunge kidevuni kabla hujaigusa baiskeli, la sivyo utaadhibiwa. Chini weka kibeseni cha maji na taulo. Mchanga uliobaki kati ya vidole baada ya kutoka baharini hausikiki kwenye baiskeli. Kilomita ya pili ya kukimbia ndipo lengelenge linapofunguka.