Siku moja chumba cha altrasaundi, na ini lililokaa kushoto

Saa 11 na nusu alfajiri niko kwenye feri ya Likoni, imejaa, ng'ambo nanunua mahamri na mbaazi, naingia kazini.

Saa 2 hadi saa 4 ni wajawazito mfululizo, wote salama alhamdulillahi.

Saa 4 hivi akaja mama mmoja na bintiye, macho manjano kabisa, ngozi yamuwasha mpaka mikono ina mikwaruzo. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Hajala tangu usiku, vizuri, maana ukila mfuko wa nyongo hujikunja hauonekani sawa. Binti asema maumivu ni chini ya mbavu za KUSHOTO, na huko walikopita kwanza amemeza dawa za vidonda vya tumbo miezi na miezi, kwa vile nyongo kila mtu ajua iko kulia.

Napaka jeli, naweka probu, kile kishikio cha kupimia, kulia nitafute ini, nakuta wengu, ambao kwao ni kushoto! Nikaangalia alama ya probu, sijaishika kinyume. Nikahamia kushoto, ini hilo, na mfuko wa nyongo una vijiwe. Nikapanda kifuani, moyo wadunda kulia. Ni saitasi invasasi, viungo vimegeuka pande tangu tumboni mwa mamake, mtu 1 hivi kati ya 10,000, na wengi wazeeka bila kujua. Mawe hayaletwi na hiyo, ila sisi tunaopima ndio twapotea njia, na hilo laniuma sana.

Mrija mkuu wa nyongo milimita 13, wa kawaida ni kama 6, na chini karibu na kongosho kuna jiwe limetupa kivuli cheusi nyuma yake. Nyongo haina pa kupita yarudi kwenye damu, ndiyo hayo macho, mkojo mweusi, choo cheupe. Nikauliza homa na kutetemeka, hana, afadhali, mrija ulioziba ukiingia bakteria waweza kuua upesi.

Saa 6 nikamwita dakta aone mwenyewe. Jiwe litatolewa kwa kamera ya mdomoni, ipite tumboni hadi utumbo mdogo, tundu la mrija lipasuliwe kidogo jiwe livutwe, ila kwa mama huyu mikono ya anayelitoa itabidi izungushe kinyume cha ilivyozoea. Ripoti nikaanza kwa herufi kubwa: INI KUSHOTO, MOYO KULIA.

"Kwani mwanangu, mie nna ugonjwa wa moyo?" La mama, moyo wako uko sawa, umekaa kulia tu. Nikamwambia binti karatasi hii isitoke mkobani, na siku akipimwa moyo aionyeshe kwanza, waya za kifuani zibandikwe kulia.

Saa 10 nikapiga simu wodini. Amelazwa, kamera ni kesho, na atakayeifanya ashaisoma ripoti.