Siku moja maishani mwangu: shoki nne, mzee mmoja na kigari cha viti viwili

Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu inalia, na huku Umoja, Nairobi, jogoo wa jirani alishaanza kelele zake kitambo. Mi ni fundi wa magari ila sina gereji, gereji yangu ni gunia mbili za spana na jeki ya tani mbili, gari ikiwa kwako nakuja kwako. Leo naenda mtaa wa South C kubadilisha shoki nne, yaani vile vyuma vya kutuliza mruko wa gari, kwa mzee mmoja mwalimu mstaafu, ana Eunos Roadster ya 1992, yaani ile Mazda MX-5 ndogo ya kufungua paa, yenye taa za kuchomoza kama macho ya chura. Kule Japani iliuzwa kwa jina la Eunos. Viti viwili tu, na mzee ana wajukuu sita, sijui alipiga hesabu gani.

Nakagua gunia. Soketi ya 14, ya 17, ya 21, spana ya torki ile inayopima nguvu ya kukaza, bomba la chuma la kuongeza nguvu, na zile klampu mbili za kubana springi. Hizo naangalia nyuzi zake moja moja kabla sijatoka nyumbani. Kuna mwaka klampu ya kuazima iliniteleza springi ikapiga ukuta ikaacha shimo, na mi nilikua nimesimama hatua moja tu kando. Tangu siku hiyo za kuazima hapana.

Saa kumi na mbili na nusu niko Outering na boda, gunia moja mbele ya dereva moja mapajani kwangu, baridi ile ya asubuhi inaingia mpaka kwa meno. Kijana wangu wa spana anakuja na matatu, tutapatana huko.

Saa moja na nusu tumefika. Mama mwenye nyumba katoa chai na mandazi kabla hata hatujasalimiana vizuri. "Karibuni. Fundi mwanangu, kwani hii gari haiwezi kuuzwa? Nikipanda mpaka kanisani mgongo unauma juma zima." Mzee kanyamaza anakoroga sukari. Nkamwambia mama tuone kwanza, pengine shida si gari.

Kwanza nkaenda kila kona ya gari nkakandamiza chini kwa mikono miwili nkaachilia. Shoki nzima gari inapanda mara moja inatulia. Hii ilipanda ikashuka ikapanda tena ikashuka, kona ya nyuma kushoto ilikua inacheza kabisa kama mtumbwi. Nkapitisha kiganja juu ya tairi za mbele, nkahisi mabonde, pameliwa pakaachwa pameliwa pakaachwa, hiyo ni tairi inayorukaruka barabarani badala ya kukanyaga. Mzee akasema lakini mbona mi naona inaenda sawa tu. Huyo ndo ugonjwa wenyewe wa shoki, haifi siku moja. Inapunguza kidogo leo kidogo mwezi ujao, na we dereva unaizoea bila kujua, unaanza kukunja mabega kabla ya tuta na unadhani ni umri.

Nkamweleza kijana pia maana nataka ajue anachofungua, asifungue tu. Springi ndo inabeba gari, shoki haibebi. Shoki kazi yake ni kuituliza springi, ndani kuna pistoni inasukuma oili kupita kwa vitundu vidogo, ule mruko unageuka joto unapotea. Sili ikichoka oili inatoka nje, na hapo unabaki na springi peke yake, na springi peke yake ni trampolini.

Saa mbili tunainua. Parking ni kabro, kwa hivo chini ya jeki naweka ubao mpana usizamishe matofali. Mbele nainulia kwa ile krosimemba ya katikati, chuma kinene kinachokatiza chini ya gari, nyuma kwa difu, lile boksi la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, alafu stendi nne. Niseme tu hapa, mafundi wenzangu wanaoweka gari juu ya mawe, mawe yanapasuka jamani. Hii gari haifiki hata tani moja lakini kifua chako hakijaandikwa kilo ngapi kinabeba.

Saa tatu mbele kulia. Nilikua nimemwomba mzee jana jioni apulizie boliti zote dawa ya kutu na alipuliza kweli, hata zile zisizohitajika, hata kaliba ya breki nusura ioge. Boneti juu, nati mbili za 14 zinazoshika kichwa cha shoki, nazilegeza nisizitoe. Chini linki ya stablaiza, boliti ya shoki ya 17, alafu boliti ndefu ya mkono wa juu. Ukiitoa hiyo ndefu mkono wa juu unaachia, habu, pale gurudumu linapofungwa, inalala nje na shoki inatoka bila vita. Ila habu usiiache ining'inie, ifunge na waya, maana ikining'inia inavuta paipu ya breki. Kijana akauliza na hizi boliti zingine mbili za mkono wa chini zenye vichwa vya mviringo vilivyochorwa mistari? Nkamwambia hizo ata usizipulizie pumzi. Hizo ndo za alainmenti, yaani zinazopanga magurudumu yaelekee sawa, ukizizungusha kidogo tu gari inaanza kuvuta upande mmoja. Hii gari shoki inabadilishwa bila kugusa alainmenti, mradi mkono wako hauna kiherehere.

Lakini inaonekana kuna aliyepita hapa na kiherehere. Mzee alisema shoki zilibadilishwa miaka kadhaa nyuma mahali fulani, hakumbuki vizuri na mi sikutaka kujua. Bushi ya chini ya shoki, ule mpira unaopitiwa na boliti, raba imepasuka nusu duara, imejipinda kama kitambaa kilichokamuliwa. Hiyo haikuchoka, hiyo ilikazwa gari ikiwa juu. Nilikasirika kidogo kusema ukweli. Fundi anakaza boliti magurudumu yakining'inia, raba inashikwa pale pale ikiwa imenyooka, gari ikishuka chini raba inalazimika kujipinda na inabaki imejipinda mchana na usiku, hata gari ikiwa imelala. Mwaka mmoja miwili imechanika, mteja anaambiwa barabara za Nairobi mbaya. Barabara ni mbaya ndio, lakini hiyo haikuwa barabara.

Saa nne shoki ya kwanza iko chini. Klampu mbili pande mbili za springi zikitazamana, unakaza hii kidogo unahamia ile, hii kidogo ile, mpaka springi inaacha kusukuma na kichwa kinacheza kwa mkono. Uso haukai juu ya kile kichwa, hata kama una uhakika. Nkafungua nati ya juu, nkavuta, na ile stopa ya ndani, ule mpira wa sponji unaozuia chuma kugonga chuma shoki ikifika mwisho, ikamwagika. Haikutoka, ilimwagika. Ilikua imesagika inadondoka kama makombo ya mkate mkavu, rangi ya manjano iliyooza, ukishika inabaki kwa vidole inanata. Hizi gari nafasi ya shoki kushuka ni fupi, kila shimo kubwa stopa inaguswa, kwa hivo miaka thelathini na kitu hapo ni hesabu kubwa.

Nkafungua boksi za shoki mpya. Ni Kayaba za gesi, mtoto wa mzee aliye Uingereza ndo alituma, huko hizi gari ni nyingi na spea hazisumbui. Shoki nne safi, nati mpya nne. Stopa hakuna. Mzee akatazama ndani ya boksi akaipindua akaitingisha kama mtu anatafuta chenji.

Ukifunga shoki mpya bila stopa ni kazi bure. Tuta la kwanza kubwa ile fimbo inashuka mpaka chini, unagonga vali za ndani, miezi kadhaa unarudi pale pale na oili inatiririka.

Saa tano niko kwa matatu naenda tauni na shoki moja mkononi. Nimeishika wima maana hizi za mapipa mawili ndani zikilala muda oili na hewa zinahama. Konda akaniangalia, "fundi, na huyo wa pili analipa?" Gari zima likacheka. Kirinyaga Road, wazee bado wanaiita Grogan, ukienda na jina la spea utauziwa jina, ukienda na chuma chenyewe mkononi angalau mnaongea lugha moja. Duka la kwanza la pili la tatu, "MX-5? hiyo haiko Kenya boss." La nne kijana mmoja mdogo hakuuliza gari gani, alichukua fimbo akajaribu stopa za kwenye mfuko wake moja moja mpaka ikaingia ya Toyota, tundu limeshika vizuri, ila ndefu zaidi. Nkalinganisha na makombo niliyokuja nayo kwa karatasi, nkaona nikikata pingili moja itakaa. Alianzia 1,200 kila moja, tukaishia 500, nne ni elfu mbili. Hiyo gharama mzee hakuwa ameipangia ila nikampigia akasema nunua mwanangu, tushaanza.

Saa saba nimerudi. Mama ameacha wali na maharagwe yamefunikwa na sahani, na kijana wangu katika huo muda amefungua mbele kushoto peke yake, boliti zote amezipanga juu ya gazeti kwa mfuatano zilivyotoka. Sikumsifu sana asije akavimba kichwa lakini roho ilifurahi.

Stopa tunakata upande mnene. Ile ncha nyembamba inabaki kwa sababu ndo inayoguswa kwanza, inalegeza pigo kabla unene haujaingia. Kisu kikali na maji ya sabuni, ukikata kavu inachanika. Alafu kabla ya kufunga shoki nasimamisha wima napampu mara tano sita, mara ya kwanza unasikia inaruka mahali, kuna hewa, mara ya nne inakua laini mwanzo mwisho. Ukiachilia fimbo inapanda yenyewe taratibu, hiyo ni gesi inasukuma. Mzee alipampu moja akashangaa, akachukua ile ya zamani akaisukuma ikaingia na ikabaki huko huko. Alizishika zote mbili kwa muda hivi. Nadhani hapo ndo aliacha kusema ilikua inaenda sawa.

Saa nane na nusu nyuma. Nyuma hakuna mengi, nati za juu ziko ndani ya buti chini ya kapeti, na betri ya hii gari nayo iko huko buti upande wa kulia kwa hivo nikatoa waya wa hasi nikasogeza betri nipate nafasi ya mkono. Boliti moja ya chini iligoma kabisa, imeshikana na bushi, bomba la chuma, dawa, nyundo, bomba tena, kijana akaning'inia hapo kama mtu wa mazoezi, ikaachia na mlio wa bunduki mpaka askari wa geti akachungulia.

Saa kumi zote nne zimeingia na hapa ndo watu huharakisha kwa sababu macho yanaona kazi imeisha. Haijaisha. Boliti za bushi zote tumeziweka kwa mkono tu, hazijakazwa. Naweka jeki chini ya mkono wa chini nainua polepole mpaka gari inaanza kuachana na stendi, yaani hiyo kona inabeba uzito wake kama iko barabarani, hapo ndo nakaza. Kona moja alafu nyingine. Inachukua dakika arobaini za ziada na hakuna mteja anayeziona. Nati za magurudumu nakaza nyutoni mita 100 kwa spana ya torki, si kwa kuruka juu ya spana.

Saa kumi na moja na robo mzee anaendesha mi niko pembeni, paa chini. Tuta la kwanza la hapo nje alikunja mabega kama kawaida yake. Gari ikapanda, ikashuka, ikanyamaza. La pili alikunja nusu. La tatu hakukunja. Tulipofika mzunguko wa mbele akasema "ngoja" akageuza tukarudi kupita yale yale matatu.

Nililipwa elfu nane kwa M-Pesa na nauli juu, nikamwambia atembeze kama kilomita mia hivi aniite nikague nati tena. Mama alikua mlangoni akauliza sasa itaenda kanisani? Nkasema Jumapili mjaribu.

Saa tatu usiku nimeshaoga nakula, simu, ni mama. "Fundi, umemfanya nini mzee wangu? Alitoka kununua maziwa saa kumi na mbili." Nikampigia mzee, akashika mara moja, upepo mwingi kwenye simu. Yuko Lang'ata Road. Maziwa anayo, anasema, yako kwa kiti cha abiria, hayajamwagika hata kidogo.