Alisimama, Akapiga, Akarudi Safuni

Jumamosi iliyopita nilihudhuria onyesho la okestra ndogo ya muziki wa Baroki, yaani muziki wa Ulaya wa takriban miaka 1600 hadi 1750, katika kanisa moja hapa Leipzig, Ujerumani, mji ambao mtunzi Johann Sebastian Bach aliutumikia tangu 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Tangazo lililobandikwa mlangoni halikutaja mgeni yeyote mwenye jina kubwa. Lilisema tu kwamba solo zote zitapigwa na wanaokestra wenyewe, na hilo ndilo lililonivuta, kwa sababu muziki huu ulizaliwa katika hali hiyo hasa.

Walikuwa wapigaji 14: fidla saba, viola mbili (fidla kubwa kidogo zenye sauti ya chini zaidi), chelo mbili (kubwa zaidi, za kushikwa kati ya magoti), besi moja, filimbi ya mbao na hapsikodi, yaani kinanda ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa kwa nyundo kama za piano. Hapakuwa na mtu wa kusimama mbele na kuongoza kwa mkono. Aliyewaanzisha alikuwa mpiga fidla wa kwanza, kwa kuinua kichwa na kuvuta pumzi ambayo hata sisi tuliokaa benchi la tatu tuliisikia. Nyuzi zao zilikuwa za utumbo wa kondoo, kama za zama zile, nazo huyumba upesi hewa inapobadilika, kwa hiyo kila kipande kilipomalizika walizilinganisha upya. Mimi nimekulia Unguja, na kwangu kuzisikia fidla zikitafutana sauti kabla ya muziki kuanza ni sehemu ya starehe yenyewe.

Walifungua kwa konseto moja, yaani kipande ambamo ala moja au chache hupokezana na okestra nzima, ya Arcangelo Corelli, katika zile 12 zilizochapishwa Amsterdam mwaka 1714, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Fidla mbili na chelo moja hujitenga na kundi, husema lao, kisha kundi zima huwafunika. Ilipigwa vizuri, ila nafsi yangu ilikuwa inangoja kilichofuata.

Kilichofuata ni konseto ya viola ya Georg Philipp Telemann, mojawapo ya konseto za kwanza kabisa zinazojulikana kuandikiwa ala hiyo. Viola ni ala ya katikati. Kazi yake ya kila siku ni kuijaza sauti baina ya fidla za juu na besi za chini, na msikilizaji huweza kumaliza onyesho zima bila kujua kama ilikuwapo. Safari hii mmoja wa wale wawili, mama wa makamo aliyevaa nguo nyeusi kama wenzake wote, aliinuka kitini akasogea hatua mbili mbele. Sehemu ya kwanza huenda polepole, na hapo ndipo nilipoisikia viola kwa haki yake: sauti nzito yenye kivuli, isiyong'ara kama ya fidla, iliyo karibu zaidi na sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake. Wenzake walimpigia taratibu sana, kama watu wanaoijua pumzi yake kwa miaka mingi. Mpigaji mgeni anayewasili asubuhi ya siku ya onyesho hawezi kupewa utulivu wa namna hiyo, hata awe bingwa wa mabingwa. Makofi yalipokwisha, alirudi kwenye kiti chake akafungua karatasi za kipande kilichofuata.

Kipande hicho kilikuwa konseto ya Antonio Vivaldi ya fidla nne, kutoka mkusanyiko wake wa mwaka 1711. Siwezi kumsikiliza Vivaldi bila kuwakumbuka wasichana wa Ospedale della Pietà, makao ya watoto waliotupwa na wazazi wao mjini Venice, ambako aliajiriwa kufundisha fidla mwaka 1703. Okestra ya pale ilikuwa ya wanawake watupu, waliopiga nyuma ya vizuizi vya chuma ili wasionekane na hadhira, na mabingwa wake walilelewa humo humo. Mashuhuri kuliko wote aliitwa Anna Maria dal Violin, yaani Anna Maria wa Fidla. Hakuwa na jina la ukoo, basi ala yake ikawa ukoo wake, na Vivaldi aliandika konseto nyingi kwa ajili yake.

Aliyezoea bashraf, kile kipande cha taarab cha ala bila uimbaji, angejisikia nyumbani mara moja, kwani katika sehemu za haraka kuna kipande cha wote kinachorejea tena na tena, na katikati ya marejeo hayo kila fidla hupata zamu yake. Katika sehemu ya kati fidla zote nne hupiga kwa pamoja, sauti za mlio mmoja zikivunjwavunjwa na kupigwa moja baada ya nyingine, lakini kila upinde huzivunja kwa namna yake: huyu akiunganisha, yule akikata. Niliufumba mdomo wangu kwa kiganja. Ni kama mvua inayonyesha juu ya paa nne tofauti.

Walimalizia kwa konseto ya tano katika zile sita ambazo Bach alimtunukia mwanamfalme wa Brandenburg mwezi Machi 1721. Filimbi, fidla na hapsikodi ndizo zinazotangulizwa. Kwa saa nzima mpiga hapsikodi alikuwa nyuma ya wenzake, akiishikilia besi kwa mkono wa kushoto bila kutazamwa na mtu. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, wengine wote walinyamaza mmoja mmoja, akabaki peke yake kwa hatua 65 za muziki, vidole vikizidi kasi hadi kanisa zima likawa halipumui. Wenzake waliteremsha pinde zao wakamsikiliza kwa macho ya kumfurahia. Kisha wote waliingia pamoja na ule wimbo wa mwanzo, naye akazama tena ndani yao.

Katika sehemu ya mwisho nilimtafuta yule mama wa viola. Alikuwa mahali pake, katikati, akipiga noti chache chini ya filimbi, na nilimsikia kila alipopiga.