Pambizo la Barua

Binti yangu wa kidato cha pili alirudi na kazi ya nyumbani: barua rasmi. Akaanza kama sote tulivyofundishwa, "Husika na kichwa cha habari hapo juu," halafu akaniuliza, "Baba, kwani wakubwa hawakioni kichwa mpaka waambiwe?" Nilicheka. Nikamkumbuka mama wa masijala.

Ilikuwa kiangazi cha 2018. Matete ya ghuba yetu ya Ziwa Victoria yalikuwa yakifyekwa na kuchomwa, watu wakilima nyanya hadi maji yanapoanzia. Humo ndimo fisi maji, wale wanyama wala samaki wenye madoa shingoni, wanamojificha na kulea watoto. Nikamwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri kurasa tatu. Nilianzia samaki ngege wa enzi za babu, kabla sangara hawajaletwa miaka ya 1950, nikapitia makokoro, zile nyavu za kukokota, nikamalizia kwa kumtaja jirani yangu anayechoma. Nikaipeleka masijala, barua zinakopokelewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Weka hapo." Badala ya kugonga muhuri, akaisoma yote, kidole kikitembea juu ya mistari. "Fisi maji? Si hawa waliokuwa wakitoboa nyavu za marehemu baba?" Nikajua nimekwisha. Akageuza karatasi na kugusa pambizo la kushoto. "Mwanangu, bosi akisoma ataandika nini hapa?"

Sikuwa na jibu.

"Mkubwa huandika maneno matatu tu: 'Afisa Mazingira, shughulikia.' Wewe umempa huzuni. Huzuni haina afisa."

Akanikalisha kwenye benchi, akanipa karatasi mpya. Makokoro yakatoka: hayo ni ya Sheria ya Uvuvi, yana meza yake, na barua yenye mambo mawili hukaa kati ya meza mbili, kila moja ikiisubiri nyenzake. Jina la jirani nalo likatoka, maana likibaki shauri linageuka ugomvi wa mpaka na kurudishwa kijijini. Nikaandika mahali penyewe (kutoka mwaloni hadi mkuyu mkubwa, hatua 400), tarehe za mioto mitatu niliyoiona, na kinyesi cha fisi maji chenye magamba ya samaki juu ya mawe. Idadi ya fisi maji alinikataza nisikisie. Kisha kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kile kinachokataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa. Mwisho ombi, moja tu: afisa aje apime, vipigwe vigingi kabla ya mvua.

Ukurasa mmoja. Nakala kwa Mtendaji wa Kata na BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni. Akagonga muhuri kwenye nakala yangu pia, akaandika pembeni namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya faili. "Ukirudi baada ya siku 14, usiulize barua yako imefikia wapi. Uliza folio hii iko kwa nani."

Nilirudi mara mbili. Mara ya pili afisa alikuwa tayari na futi kamba yake begani. Akapima kutoka maji yalipokuwa siku ile, tukapiga vigingi vya mti, na jirani mwenyewe alitusaidia kushika kamba, hajui nusura awe kichwa cha habari. Matete yakaanza kurudi.

Mei 2020 ziwa likajaa kuliko hata 1964. Vigingi vikazama, nyanya zikazama, na sehemu kubwa ya matete ikang'oka na kuelea kama kisiwa. Jirani akaja, suruali imekunjwa magotini: "Sasa ndugu yangu, zile mita 60 tunaanzia wapi?"

Barua ya pili ninayo kwenye droo. Kichwa kipo, kifungu kipo. Pale kwenye ombi nimeacha nafasi.