Kopo la Mjerumani na chetezo cha mama

Nyumba ya wageni ninapopika, huku Shela, kisiwani Lamu, wageni huacha vitu: ndala, mafuta ya jua, vitabu vilivyojaa mchanga. Mzee mmoja wa Kijerumani aliacha kopo lililoandikwa Wacholderbeeren. Ndani mlikuwa na punje nyeusi zenye ubuluu, kubwa kushinda pilipili manga, zimenyauka kidogo.

Kamusi inauita mti wake mreteni. Zile punje tunaziita matunda kwa mazoea tu, maana mreteni ni jamaa ya misonobari, na punje ni koni yake iliyonenepa nyama. Juu ya mti huchukua miaka 2 au zaidi kuiva.

Yule mzee alinionyesha namna ya kuzitumia. Unaziponda 5 au 6 kwa ubapa wa kisu, unazitupia kwenye nyama inayochemka polepole. Kwao ni za nyama ya mwituni na kabichi iliyochachushwa. Mimi na mkono wangu wa pilau nikatia 15 kwenye mbuzi. Chungu kizima kikanuka penseli iliyochongwa sasa hivi! Baadaye nikajua pua haikunidanganya. Bara, kwenye miinuko ya Mlima Kenya na Aberdare, kuna mtarakwa, ndugu wa mreteni, na mbao zake zilitengenezewa penseli. Watu wa huko huufanya vigingi vya ua, kwa kuwa mchwa hauwezi. Mti huohuo uko milimani Yemen, na Waarabu huuita arari.

Kopo nikalipeleka nyumbani, mtaa wa Langoni, mjini Lamu. Mama akanusa, akatia punje 3 kwenye chetezo juu ya makaa, pamoja na ubani. Zilipasuka pasuka, kisha ukatoka moshi mkali wa kusafisha pua. Nikamwambia Wazungu nao walifukiza mreteni zamani, tauni ilipowaingilia, wakiamini hewa mbaya ndiyo inayoua. Tauni ilikuwa ya viroboto, moshi usingeifanya kitu, ila sikumwambia hilo. Yeye hufukiza kwa sababu zake, majini yakiwemo. Nikamweleza pia kwamba kile kileo kiitwacho jini kimepata ladha na jina lake kwenye punje hizi, kupitia Waholanzi. Mama akacheka mpaka akakaa: kumbe jini hufukuzwa kwa jini!

Tatizo lilikuja kwa dada yangu. Ana mimba ya miezi 7, miguu imemvimba, na nilikuwa nimeropoka mezani kwamba Ulaya hunywa chai ya mreteni kwa tumbo lililojaa gesi, na kwamba inakojoza. Yeye akalishika hilo la mwisho. Nilimkuta jikoni anaponda punje kwenye kinu, maji yako motoni.

Mama alikiondoa kile kinu bila kelele. "Mwenye mimba hanwi dawa asoiyua," akasema, na mjadala ukaisha hapo.

Hakuwa amesoma popote, lakini ndivyo ilivyo. Mreteni haunywewi na mjamzito, kwa kuwa unahofiwa kuchokoza tumbo la uzazi, wala na mwenye maradhi ya figo, kwa sababu huzisumbua. Hata mzima hanywi wiki nenda wiki rudi. Tena iko aina nyingine, mreteni sabina, ambayo ni sumu, na zamani wanawake waliitumia kutoa mimba, wengine wakafa nayo. Ukiokota punje porini huko Ulaya bila kujua unachookota, umejitafutia.

Kesho yake nikampeleka dada kliniki akapimwe presha na mkojo, maana miguu kuvimba na presha kupanda ndivyo vitu vya kuogopa mwezi wa 7. Presha ilikuwa sawa. Akaambiwa apumzike na ainue miguu, jambo ambalo amelipokea kwa furaha kubwa, na sasa vyombo naosha mimi.

Punje zimebaki 11. Mama amezihamishia kwenye kikopo chake cha ubani, na Alhamisi jioni hutoa moja tu.