Kanuni Isiyotaja Rangi

Baba yangu ni Mhindi wa Kisutu, mama yangu ni Mzaramo wa Kisarawe, na mimi ninafundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa Dar es Salaam. Ninaanza na nasaba yangu kwa sababu wanafunzi nao huanzia hapo. Kila Kidato cha Kwanza kinapoingia, kabla sijaandika tarehe ubaoni, ninajua wananong'onezana nini: huyu mwalimu ni Mhindi, ni Mwarabu au ni chotara? Swali hilo hulijibu mwenyewe siku ya kwanza, waziwazi, kwani mwalimu anayeona haya kuitaja rangi yake hawezi kuwafundisha watoto kuizungumzia bila woga.

Mara nyingi ubaguzi wa rangi hufundishwa kama habari za mbali. Mwanafunzi hukariri makaburu, sheria za pasi, Soweto mwaka 1976 na kifungo cha Mandela, akafaulu mtihani, kisha akaondoka akiamini kwamba hayo yalikuwa maradhi ya watu wengine. Ndiyo maana mimi huanzia Mnazi Mmoja.

Waingereza waliugawa mji huu katika kanda tatu, wakiendeleza mpango ulioanza tangu enzi za Wajerumani. Upande wa bahari ulikuwa wa nyumba za Kizungu. Katikati ya mji palikuwa pa maduka na makazi tuliyozoea kuyaita Uhindini. Na Kariakoo, pamoja na Ilala baadaye, palikuwa pa nyumba za Waswahili. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mpana, ndio huo Mnazi Mmoja, kwa hoja ya kulinda afya. Wanafunzi huchora ramani hiyo daftarini, wakaweka hospitali ya Ocean Road kwa Wazungu na ile ya Sewa Haji kwa wasio Wazungu, kisha kila mmoja akatia alama mahali anaposhukia daladala.

Jambo ninalotaka walione si mistari ya ramani. Kanuni zile za ujenzi hazikuandika kwamba Mwafrika asikae sehemu fulani. Ziliandika ni nyumba ya namna gani inaruhusiwa kujengwa katika kanda ipi, na kwa vifaa gani. Kibarua wa bandarini hakuhitaji kufukuzwa na askari, kwa kuwa gharama ya nyumba iliyotakiwa ilikwisha kumfukuza. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliuliza: ikiwa sheria haikutaja rangi, tutajuaje kwamba ulikuwa ubaguzi? Nilimwambia asiishie kwenye maneno ya kanuni, bali aangalie ni nani hasa wanaobaki nje kila inapotekelezwa.

Swali la mtoto yule ndilo linalonirudisha kwenye nywele. Nilipokuwa mwanafunzi, kanuni ilidai wasichana wawe na nywele fupi kwa ajili ya usafi na nidhamu. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, binti mweusi mwenye nywele nene alizozitunza vizuri mno, aliitwa mbele mstarini, na mwalimu wa zamu akamkata njia kwa mkasi katikati ya kichwa, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, ili alazimike kwenda kunyoa zote. Zangu zilifika mabegani. Niliambiwa nizifunge nyuma kwa utepe, basi. Hakuna aliyesema kwamba sababu ilikuwa asili ya baba yangu. Ilisemwa tu kwamba nywele za aina yangu "zinatunzika". Tangu siku ile nilijua kwamba rangi yangu ilikuwa ikinifungulia milango ambayo sikuwa nimeibisha, na kwamba aliyekuwa akilipa gharama ni mtu niliyempenda.

Upande wa pili pia ninaujua. Mtaani nimeitwa ponjoro, na nimeambiwa nirudi kwetu na watu ambao kwao si Dar es Salaam kuliko kwangu. Kwa ndugu zangu wa upande wa baba, nimeketi mezani nikasikia dada wa kazi akitajwa kwa neno la dharau ambalo sitaliandika hapa, naye amesimama jikoni anasikia. Ninayakemea yote mawili, ingawa siyahesabu kuwa sawa, kwa sababu dada yule hakuweza kujibu bila kuhatarisha mshahara wake.

Darasani huwasomea habari za Oktoba 1961, Bunge lilipojadili uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia ufungamane na rangi, na Nyerere akakataa katakata, akaonya kwamba anayeanza kubagua kwa rangi ataendelea hadi kwenye kabila. Mwaka uliofuata mfumo wa shule zilizotengwa kwa rangi ulifutwa, na watoto wa mji huu wakaanza kuketi darasa moja kisheria. Katiba yetu nayo, katika ibara ya 13, inakataza ubaguzi na kuitaja rangi kwa jina. Ninajivunia urithi huo kwa moyo wote, na hiyo ndiyo sababu ninayoitoa kwa walimu wenzangu wanaponiuliza kwa nini "ninachokonoa" mambo yaliyokwisha.

Hayajaisha. Katika shule ninayofundisha kanuni ya nywele ipo bado, na bado kuna wanaosamehewa. Nimeliwasilisha jambo hili katika kikao cha walimu: ama kila binti aruhusiwe kuwa na nywele safi alizozisuka au kuzibana, ama msamaha ufutwe kwa wote, nami ninaunga mkono la kwanza. Wenzangu wawili walinipinga kwa hoja ya nidhamu, mmoja akaniunga mkono, na mkuu wa shule ameahidi kulipeleka kwenye bodi. Wiki zangu za zamu, mkasi unakaa ndani ya droo, na binti yeyote anayeulizwa kuhusu nywele zake anaulizwa kama ni safi.